Maskati Haiendewi Mwezi wa Juni

Katika majumba ya ghorofa ya Nyayo Highrise, pale Nairobi ambapo mabati ya Kibera yanakoma na nyumba za mawe zinaanza, anakaa bwana mmoja mzee aliyekuwa karani wa reli. Kwao ni Maragoli, lakini Kiswahili chake ni cha Mombasa, kwa kuwa alifundishwa na kijana mwenziwe wa ofisini, Mwarabu mzaliwa wa pwani. Walikaa meza moja tangu mwaka wa 1969 hata 1975. Mwaka huo yule mwenziwe akaaga, akaenda Maskati, mji wa mababu zake asioujua.

Hakuwa peke yake. Sultan Qaboos aliposhika utawala wa Oman mwezi wa Julai 1970, alikuta nchi yenye kilomita kama kumi tu za barabara ya lami, na milango ya Maskati ikifungwa saa tatu baada ya jua kutua, hata mtu aliyetaka kutembea nje usiku alilazimika kuchukua taa mkononi. Watu wenye elimu walikuwa wachache mno. Sultan akawaita Waomani waliokuwa ng'ambo warudi kujenga, na wengi waliorudi walitoka Unguja, ambako Mapinduzi ya Januari 1964 yaliwatawanya, na wengine kutoka Kenya, Tanganyika, Burundi na Kongo. Walifika na vyeti vyao, na Kiswahili chao, na pengine bila Kiarabu cha kutosha kuombea maji.

Tangu siku ile makarani hawa wawili waliandikiana barua, kisha wakasemezana kwa simu, lakini hawakuonana. Kila mwaka mmoja alisema, "Njoo," na mwingine akajibu, "Mwakani, Mungu akipenda." Mambo yakaendelea hivyo mpaka yule wa Maskati alipougua moyo akalazwa hospitali majuma matatu. Alipotoka alipiga simu, na safari hii hakusema njoo. Alisema, "Sahibu yangu, tumebakiwa na miaka mingapi?"

Mzee wa Nyayo Highrise akazitazama akiba zake, akaona zatosha tiketi, akaamua kusafiri Juni. Sababu yake ilionekana kuwa njema. Juni na Julai baridi ya Nairobi humwuma magoti, na watu wa pwani tangu zamani huyaita majira hayo kipupwe. Alidhani ataikimbia baridi, akaote jua la Arabuni. Tena tiketi za mwezi huo alizikuta ni rahisi. (Msafiri mwenye busara hujiuliza kwanza kwa nini kitu kimekuwa rahisi.)

Jibu lilikuja upesi. "Usije Juni, ndugu yangu. Mimi utaniona, lakini Maskati hutaiona. Tutafungiwa chumbani na mashine ya kupoza hewa kama samaki katika barafu."

Wala hakutia chumvi. Mwezi wa Juni joto la Maskati hupita nyuzi 40 mara nyingi, na majabali meusi yanayouzunguka mji hulihifadhi joto la mchana na kulitoa usiku. Huko Qurayyat, mji wa pwani usio mbali na Maskati, Juni 2018 usiku mmoja ulipita bila joto kushuka chini ya nyuzi 42. Lakini kuanzia mwisho wa Novemba hata mwanzo wa Machi hali ni nyingine kabisa. Januari mchana huwa nyuzi 25 hivi, na alfajiri 17 au 18. Mtu wa Nairobi akifika hucheka aonapo wenyeji wamevaa sweta, maana baridi yao ni kama mchana wake wa kawaida. Mvua ni kidogo mno, nayo ikinyesha hunyesha majira hayo. Basi mtu asisimame kamwe katika bonde kavu milimani wingu likiwa jeusi, kwa kuwa maji hushuka ghafula.

Hivyo ikawa Januari. Hapo ndipo mkewe alipotia neno. "Mzee, karo ya mjukuu ni Januari, na mwalimu mkuu hangojei majira ya mtu." Akamkumbusha kwamba fedha za tiketi na fedha za karo zilikuwa ni zile zile. Bwana yule hakuwa na jibu. Alinyamaza kama juma zima. Mwishowe alikwenda Maragoli, akauza mtamba wake wa pekee mwezi wa Novemba, akalipa karo mapema, na kuleta risiti nyumbani. Ndugu yake wa Maragoli alikasirika, akasema haifai kuuza mtamba aliyekaribia kuzaa ili mtu akanywe kahawa Arabuni. Wakulima wengi watakubaliana naye, na kwa hesabu ya maziwa hawana kosa.

Yafaa hapa kusema jambo moja juu ya pepo, kwa kuwa safari hii ya Januari ni kinyume cha desturi ya miaka mingi. Zamani msafiri wa Mombasa hakuweza kabisa kuingia Maskati mwezi huo. Kaskazi ndiyo iliyovuma, ikitoka Arabuni na kuleta majahazi ya Maskati na Sur pwani yetu, yakiwa na tende, chumvi na papa mkavu. Yalikaa Lamu, Mombasa na Unguja yakiuza na kununua, hata kusi ilipoanza mwezi wa Aprili, nayo yakarudi na boriti za mikoko, pembe na karafuu. Na katika miaka mingi, ni lazima isemwe, yakarudi na watumwa pia. Mwezi wa Juni na Julai kusi ilikuwa kali mno, bahari haipitiki, na waliochelewa walingoja hata Agosti. Kwa hiyo abiria wa jahazi alifika Maskati joto likianza kupanda, wakati wenyeji wenyewe wanahamia mashamba ya mitende kuvuna tende, naye akakaa palepale akiungua mpaka kaskazi imrudishe. Ndege imeyageuza hayo yote. Mzee wetu aliruka kwa saa kama tano juu ya bahari ile ile, akikabili kaskazi, wala hakuihisi.

Kabla ya kuondoka aliomba viza mapema, akachukua na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Fedha za huko ni riali, na riali moja ni baisa 1000. Thamani yake ni zaidi ya shilingi 300 za Kenya, basi kikombe cha chai chaweza kumshitua mgeni. Saa za Maskati zimetangulia za Nairobi kwa saa moja. Ijumaa asubuhi maduka mengi hufungwa, na siku nyingine soko hulala adhuhuri na kuamka alasiri. Tena mwenye kupanga safari atazame kalenda ya Kiislamu, kwa sababu miaka hii Ramadhani inasogea katika majira ya baridi. Mwaka wa 2030 itaingia mapema Januari, na tena mwisho wa Desemba. Mchana wa mwezi huo hairuhusiwi kula wala kunywa hadharani.

Mji mkongwe ni mdogo kuliko alivyotazamia. Ghuba nyembamba imebanwa na majabali, na juu yake zimesimama ngome mbili, Mirani upande wa magharibi na Jalali upande wa mashariki, zilizojengwa na Wareno katika miaka ya 1580. Alizitazama kwa nje, akasema zinamkumbusha Ngome ya Yesu, na hakukosea. Wareno waliichoma Maskati mwaka wa 1507, wakaitawala. Mwaka wa 1650 Waomani wakawafukuza, kisha wakawafuata mpaka kwetu, wakaizingira Ngome ya Yesu tangu Machi 1696, wakaitwaa Desemba 1698. Baadaye Seyyid Said alihamisha makao yake Unguja, akawa akienda na kurudi baina ya miji miwili, hata akafariki baharini Oktoba 1856, akirejea Unguja kutoka Maskati. Wanawe waligombea urithi, na mwaka wa 1861 Waingereza waliamua kwamba Unguja na Maskati zitengane, Unguja ikilipa reale 40,000 kila mwaka.

Asubuhi ya pili alipelekwa Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka wa 2001. Wasio Waislamu huingia asubuhi, isipokuwa Ijumaa. Wanaume wavae suruali ndefu, na wanawake wafunike nywele. Zulia la ukumbi ni kipande kimoja, mita 70 kwa 60, uzito wake tani 21. Mzee alivua viatu, akatembea pembeni, akauliza ni nani hulifagia.

Lakini alichokipenda zaidi ni Mutrah, bandari iliyo jirani, ambako barabara ya ukingoni mwa bahari hujaa watu jioni za baridi. Sokoni ubani wa Dhofar huuzwa kwa madaraja, mweupe wenye ukijani ukiwa ghali zaidi. Alianza kuuliza bei kwa Kiarabu kidogo alichookota kwa majirani zake Wanubi wa Kibera, na mwenye duka akamtazama kwa huruma, kisha akamjibu kwa Kiswahili: "Sema tu, babu." Bibi yake alizaliwa Unguja. Wako wengi namna hiyo, na wanatoka nyumba za namna nyingi. Wengine wajukuu wa mabwana, na wengine wajukuu wa waliochukuliwa kwa nguvu, maana utumwa Oman ulipigwa marufuku mwaka wa 1970 tu. Mgahawani kwao mtu hupata mandazi, na njiani mishkaki huchomwa, na jina lake halihitaji mkalimani.

Kila jioni wazee wale wawili walikaa kwenye benchi la mawe kuikabili bandari. Siku ya kwanza walizungumza mpaka usiku. Siku ya pili walizungumza kidogo. Siku ya tatu yule wa Maskati alimwuliza kama mti wa jakaranda uliokuwa mbele ya ofisi yao bado upo, naye akajibu kwamba ulikatwa zamani. Wakakaa kimya. Kisha mwenyeji akasema kwamba miaka yake mitano ya kwanza pale watu walimwita Mzanzibari, ingawa alizaliwa Mombasa, na kwamba Mombasa walikuwa wakimwita Mwarabu.

Siku kumi zilipokwisha, mgeni alirudi Nairobi na bati la halua, ubani wa daraja la pili, na jibu la neno ambalo hakuwa amelitazamia: mwenziwe atakuja Nyayo Highrise mwezi wa Julai, daktari akimruhusu, kwa kuwa ana hamu ya kuona pumzi yake mwenyewe ikitoka kinywani asubuhi kama zamani. Mke wa mzee ameanza kutafuta blanketi la tatu. Ndugu wa Maragoli amearifiwa, naye ameuliza kama mgeni huyo hunywa maziwa.