Uvira: Mvua ikikatika, chandarua kisikunjwe

Hapa Uvira wengi husema mbu ni shida ya mvua: ikinyesha wanakuja, ikikatika wanaenda. Ndiyo maana kila mwezi wa tano vyandarua vinaanza kukunjwa na mifereji inasahauliwa. Kwa maoni yangu, hesabu hiyo si sahihi, na wanaoilipa ni watoto.

Mvua kubwa yenyewe haizai mbu. Maji yanayoshuka kwa nguvu kutoka milimani hufagia viluwiluwi vyao hadi ziwani. Hatari ni maji yanayobaki: vidimbwi vya barabarani, mashimo ya udongo wa matofali, mifereji iliyozibwa na takataka. Kwa joto la mji wetu, yai hugeuka mbu anayeruka ndani ya siku kumi hivi. Mbu huyo akimuuma mgonjwa wa malaria, siku nyingine kumi hivi hupita kabla hajaweza kuambukiza. Naye aliyeambukizwa huanza homa baada ya juma moja, mawili au zaidi. Jumlisheni wenyewe: mvua ya leo inaweza kuleta homa mwezi ujao.

Tena Ziwa Tanganyika hupanda zaidi mwezi wa nne na wa tano, mvua zinapokaribia kwisha. Maji yakirudi nyuma huacha madimbwi ufukweni. Mito Mulongwe na Kavimvira nayo ikipungua, maji hutuama kati ya mawe. Kwa hiyo mwezi wa sita bado kuna mbu, ingawa anga ni jeupe.

Wanaoumia zaidi ni familia zilizokimbia vita, na zile zilizopoteza nyumba katika mafuriko ya mwezi wa nne 2020. Wanaolala wengi katika chumba kimoja, au chini ya turubai, mara nyingi hawana hata pa kutundika chandarua. Mwenye njaa akikiuza, au akikitumia kuvulia ndagala, kumlaumu peke yake hakutibu mtoto.

Naomba mambo matatu. Viongozi wa kata, salongo ya mifereji isiishe pamoja na mvua. Na kila mvua kubwa ikipita, vidimbwi vifukiwe kabla juma halijaisha, wakati viluwiluwi bado vimo majini. Wanaogawa vyandarua, anzeni na waliohama, na muwape pia kamba na misumari. Nanyi wazazi, mtoto akipata homa mwezi wa sita au wa saba, msiseme ni baridi ya kiangazi. Apelekwe kituo cha afya akapimwe siku ileile, kwa sababu malaria ya mtoto mdogo inaweza kuwa kali kwa siku moja au mbili tu.

Wanaouliza chandarua kikunjwe mwezi gani, jibu langu ni fupi: hapa Uvira, mwezi huo haupo.