Pasi Imeungua, Muulizeni Aliyeiagiza

Pasi ikiungua Butembo, mashariki mwa Kongo, kesi inakatwa kabla ya kusikilizwa. Mwenye pasi anachomoa waya, anasema "ni ya Wachina," na jirani wote wanaafiki. Hukumu ni hiyohiyo kwa blenda, kwa birika la umeme, kwa mashine ya kunyolea, kwa taa ya sola iliyozimika kabla ya mwaka kwisha. Teremka kilomita 54 hadi Beni, zunguka soko la Kilokwa, utaisikia tena: kitu cha China ni kibovu, kitu cha Ulaya ndicho kitu, hata kama kimekwisha tumiwa na watu wengine miaka kumi. Imani hiyo naipinga kwa sababu inakula pesa za watu wenye pesa kidogo na inawakinga watu wanaostahili kuulizwa.

Angalieni jinsi bidhaa inavyotufikia. Tangu miaka ya 1990 wafanyabiashara wa Butembo wamekuwa wakienda wenyewe Dubai, kisha Hong Kong na Guangzhou, bila kungoja Kinshasa iwafungulie njia. Ni sifa ya mji wetu, nami naitaja kwa fahari. Kontena linashuka Mombasa, linapita Kampala, linaingia nchini kwa mpaka wa Kasindi, linapanda hadi kwenye maghala yetu. Lakini kule lilikotoka kuna mazungumzo ambayo mteja wa mwisho hayasikii. Muuzaji wa Guangzhou anataka kujua mgeni wake anatafuta ya bei gani, kwa sababu pasi yenye umbo lilelile na rangi ileile inaweza kuwa na bei tatu au nne. Tofauti imo tumboni. Kuna waya wa shaba, na kuna waya wa aluminiamu uliopakwa shaba, ambao kwa unene uleule unapata moto zaidi. Kuna kidhibiti joto kinachokata umeme kwa wakati wake, na kuna kinachoganda baada ya wiki chache. Fundi cherehani aliyepewa mita moja ya kitambaa halaumiwi kwa kanzu fupi. Pasi iliyokuunguzia shati la harusi ilichaguliwa mezani, kwa bei iliyojadiliwa, na mtu anayezungumza Kinande kama wewe.

Mtu huyo hukumu yetu inamfaa sana. Mteja akirudi dukani na mzigo wake ulioharibika anajibiwa kwa upole: "Mama, si unajua vitu vya Wachina?" Mama anajua, ameambiwa tangu utoto. Anaondoka na pasi yake mkononi, na baada ya mwezi ananunua nyingine ya aina ileile, kwa sababu amekwisha amini kwamba nzuri haipo.

Nzuri ipo, tena tunaishika kila siku. Simu za Tecno na itel zilizojaa mifukoni mwetu ni za Transsion, kampuni ya Shenzhen. iPhone ambayo vijana wanaiota, nyingi zinaunganishwa Zhengzhou, China. Paneli za sola zilizo juu ya mabati yetu kutoka mtaa wa Furu hadi Katwa zimetoka huko pia: China inashika zaidi ya asilimia 80 ya utengenezaji wa paneli duniani. Zimepigwa na mvua na jua la milimani kwa miaka na bado zinawasha taa. Hakuna anayezitazama na kusema ni za Wachina. Kitu kikidumu tunasahau kilikotoka, kikifa ndipo tunakumbuka.

Sasa okazi, vitu vilivyokwisha tumiwa ng'ambo. Blenda iliyotumwa na shemeji kutoka Montreal inapokewa kwa shangwe, kisha inachomekwa, inatoa moshi, na kimya kinatanda. Kanada na Marekani wanatumia volti 120, sisi 220. Kifaa kilikuwa kizima. Tulikiua sisi kwa kutosoma kijikaratasi kilichobandikwa chini yake. Hata kile cha Ulaya, chenye volti sawa na zetu, kinakuja na umri wake. Friji iliyotupwa na mwenyewe huko kwa sababu mota yake imechoka haipati ujana kwa kuvuka bahari.

Lakini jambo lenyewe hasa, ambalo halisemwi, ni umeme wetu. Butembo ni mji mkubwa uliokaa miaka mingi bila mtandao wa SNEL, kampuni ya umeme ya taifa. Watu binafsi walinunua majenereta na kuvuta nyaya mtaa kwa mtaa. Walitutoa gizani, na hilo ni deni. Ila jenereta ambayo kidhibiti chake kimekufa haitoi volti 220. Saa moja jioni, kila nyumba ikiwasha, zinaweza kushuka hadi 160. Usiku wa manane, watu wakizima, zinapanda hadi 260. Joto la pasi linafuata volti zikizidishwa kwa zenyewe. Kwa volti 260 pasi inatoa joto kwa asilimia 40 zaidi ya lililokusudiwa. Kwa 160 inabaki na karibu nusu ya nguvu zake. Hakuna kiwanda duniani, kiwe Stuttgart au Guangzhou, kinachotengeneza pasi ya nyumbani kwa maisha ya namna hiyo.

Muulizeni kinyozi. Mashine zake nyingi hazina mota ya kuzunguka. Zina sumaku inayochezesha wembe kwa mdundo wa umeme wenyewe, ambao unatakiwa kuwa mizunguko 50 kwa sekunde. Anapoichomeka kwenye inveta ya bei ya chini, inayotoa umeme wa ngazi-ngazi badala ya wimbi laini, mashine inanguruma, inapata moto, inavuta nywele badala ya kuzikata. Mteja anashika shingo. Kinyozi anamlaani Mchina, anatupa mashine, na inveta inabaki pale pale ikingoja nyingine.

Sikatai kwamba takataka zipo, na zipo nyingi. Nimeona betri ndogo ya tochi, ya ukubwa wa kidole, imeandikwa 9900 mAh, na betri ya ukubwa huo haifiki hata 5000. Huo ni uongo uliochapwa waziwazi. Lakini uongo una mwandishi na mwagizaji, hauna kabila wala taifa. Wala dharau hii si mpya: mwaka 1887 Waingereza walitunga sheria ya kulazimisha bidhaa za kigeni ziandikwe zilikotoka, wakilenga hasa vitu vya Ujerumani walivyovidharau. Leo maandishi hayohayo ya Ujerumani yanapandisha bei ya pasi kwenye duka la Butembo. Wajapani nao walichekwa baada ya vita vya pili vya dunia, na leo mtu wa Beni akitaka gari la kwenda Kasindi anatafuta Toyota.

Kwa hiyo mnunuzi aanze kuuliza. Akwaruze waya kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, auache. Ainue pasi mbili na kulinganisha uzito. Aulize betri ya taa ni ya risasi au ya lithiamu, maana ya risasi ikikaa tupu wiki kadhaa haiamki tena. Kabla ya kununua blenda ya pili, anunue stabilaiza.

Na wafanyabiashara wetu waliomo ndani ya FEC, shirikisho la wafanyabiashara wa Kongo, wanaorudi Guangzhou kila baada ya miezi michache, wana uwezo ambao mama wa sokoni hana: wanaweza kuagiza daraja la juu, kuandika kwenye risiti dhamana ya miezi sita, kupokea kilichoharibika na kumrudishia muuzaji wao safari inayofuata. OCC, ambayo kazi yake ni kukagua bidhaa zinazoingia nchini, ifungue makasha pale Kasindi na kupima waya uliomo ndani, si kuhesabu makasha tu. Dhamana ya miezi sita kwa pasi ya dola kumi. Duka la kwanza la Butembo litakalobandika tangazo hilo mlangoni, mimi nitanunua hapo, na nitawapeleka jirani zangu wote.