Kumtetea Mkutubi

Mkutubi ampaye kijana wa miaka kumi na sita riwaya ya upelelezi hushtakiwa kwa makosa matatu. Huambiwa kwamba amempotezea kijana wakati wa mtihani. Kwamba amemfundisha mauaji na wizi. Na, ikiwa kitabu chenyewe kina majini, mizimu au mnyama asemaye, kwamba amemrudisha katika ushirikina ambao wazazi wake walijitahidi kuutoka. Nimeyasikia mashtaka hayo hapa Bomeni, katika mikutano ya wazazi na katika vyumba vya walimu, na wanaoshtaki ni watu wa heshima. Walakini heshima ya mshtaki si ushahidi.

Nianze na shtaka la ushirikina, maana ndilo zito. Kitabu ambacho jina lake peke yake huwatia wazazi hofu ni Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi katika Unguja. Kilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957/1958 kikapigwa chapa mwaka 1960. Ndani yake mtu huonekana amekufa mahali pa mzimu, na walio wepesi wa kusadiki huwa tayari kusema kwamba jambo hilo halikutendwa na binadamu. Ndipo aingiapo Bwana Msa na kiko chake. Yeye hatafuti mganga. Huuliza maswali, hutazama alichokipuuza mwingine, husikiliza maneno ya watu akiyapima moja baada ya jingine, wakati rafiki yake Najum na Inspekta Seif wameshikilia njia zisizofika popote. Sitasema muuaji ni nani, maana nitakuwa nimemwibia msomaji. Nasema tu kwamba aliyekikataza kitabu hicho kwa sababu ya jina lake hakukifungua, na kama angalikifungua angaliona kuwa hakuna mahubiri dhidi ya ushirikina yaliyo makali kuliko hayo katika lugha yetu.

Wala jambo hili si la vitabuni tu. Katika pwani hii yetu, hasa Kilifi na Kwale, wazee wenye mvi wameuawa katika miaka yetu hii kwa kusingiziwa uchawi. Mtoto huugua, mtu hunong'ona jina, kundi hukusanyika, na kabla ya jua kutua mzee amekwisha kuhukumiwa. Hakuna aliyeuliza hata swali moja katika maswali ya Bwana Msa: Nani aliona? Aliona nini hasa? Na mzee huyu akifa, shamba litakuwa la nani? Swali hilo la mwisho lingetosha kuwanyamazisha wengi, kwa kuwa mara nyingi kashfa ya uchawi imepatikana kuwa ni vazi la tamaa ya ardhi. Kijana aliyezoea kudai ushahidi katika kurasa mia mbili ana nafasi ya kuudai siku atakapoona kundi la watu mbele ya nyumba ya jirani. Sisemi kwamba ataudai. Nasema ana mahali alipojifunzia.

Shtaka la pili, la kufundisha mauaji, sina haja ya kulikalia sana. Anayelitoa aghalabu ana simu mfukoni ambayo humwonyesha mwanawe mauaji ya kweli kabla ya chai ya asubuhi, tena bila mpelelezi. Faraji Katalambulla alipotoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na watungaji wa Dar es Salaam walipomfuata miaka ya 1970, mtindo wao ulikuwa wa kumfikisha mhalifu mbele ya haki; uzoefu wa dunia haujawa mwema hivyo. Lakini nikubali jambo moja, kwa kuwa kubishana kwa haki ni bora kuliko kushinda. Vimo vitabu vya aina hii vilivyo takataka: mwanamke ndani yake ni chambo au ni maiti, na ngumi ndiyo hoja. Kwa hiyo mkutubi nimteteaye ni yule asomaye kwanza. Simtetei agawaye vitabu kama mwuza karanga.

Sasa hadithi za ajabu. Wale wanaozidharau humtukuza Shaaban Robert, na vyema wafanye hivyo, ila nawauliza wamesoma nini katika kazi zake. Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, kinaeleza nchi iliyo angani. Katika nchi hiyo Karama hushtakiwa kwa sababu amefundisha watu sheria, naye hujitetea kwa kusimulia safari za wajumbe waliotumwa pande za mbali. Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza wakati huo; nchi ya angani iliweza kubeba maneno ambayo nchi ya ardhini ingeona taabu kuyabeba. Katika Adili na Nduguze, cha mwaka 1952, liwali huwapiga mijeledi manyani wawili kila usiku, na msomaji huvutwa kwa hamu ya kujua ni kwa nini, ingawa jina la kitabu limekwisha kumnong'oneza. Na mwenzetu wa pwani, Katama Mkangi, alimrusha Dzombo wake katika chombo cha angani hadi Walenisi, katika kitabu cha mwaka 1995, ili atuonyeshe ubaya wa nchi aliyoiacha nyuma. Jina la nchi hiyo lisome polepole: wale ni sisi. Akatazaye mambo ya ajabu kwa kuwa si ya kweli amekataza na hawa wote.

Lililobaki ni mtihani, na hapa washtaki ni walimu wenzangu. Wao husema kwamba muda ni mfupi, kitabu kilichoteuliwa ni kimoja, na kila ukurasa mwingine ni wizi wa alama. Basi na tutazame matunda ya mafundisho hayo. Mwanafunzi husoma riwaya moja katika miaka yake yote ya sekondari. Tena mara nyingi haisomi riwaya, husoma mwongozo wake, akakariri maudhui na sifa za wahusika asiopata kukutana nao. Siku ya mtihani ikipita, kitabu huuzwa kwa aliye nyuma yake, na kusoma kumekwisha kwa maisha yote. Mwalimu huyo huyo hushangaa kwa nini insha za wanafunzi wake ni kavu na zote zimefanana! Lugha huingia kwa wingi wa kurasa, na kurasa nyingi hazisomwi kwa amri. Kijana akeshaye na taa kwa sababu hajui nani aliyefungua dirisha amejifunza tungo mia ambazo hakuna aliyemtahini.

Tena sisi wa Taveta tungekuwa wa mwisho kuogopa mafumbo, ilhali tunaishi juu yake. Ziwa Chala, ambalo mpaka wa Kenya na Tanzania umepita katikati yake, lina kina kipitacho mita 90, na maji yake mengi huingia na kutoka chini kwa chini, katika miamba. Mwaka 2016 wataalamu walitoboa tope la sakafu yake, wakatoa udongo wa urefu upitao mita 200, wapate kusoma mvua na ukame wa miaka ipatayo 250,000. Kazi yao ni ipi, kama si ile ya Bwana Msa? Alama ndogo, subira, na kukataa jibu la kwanza.

Nina neno na mkutubi pia. Orodha zake nyingi zimejaa vitabu vya Kiingereza vya wachawi wa shule za Ulaya, na vya Kiswahili huwekwa rafu ya chini pamoja na kamusi zilizochanika. Kosa hili ni la zamani. Mwaka 1929 vijana wa Afrika ya Mashariki walipewa Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani kwa Kiswahili safi, lakini katika hicho cha pili shujaa ni Mzungu mwenye bunduki, na nchi ya watu weusi ni mahali pa yeye kutajirikia. Visomwe, ndiyo, na mwalimu aulize nani anayesimulia. Ila visitangulie. Aanze na Bwana Msa, amfuatishe Adili, kisha Dzombo, ndipo wageni waingie. Na nakala ya Kisima cha Giningi ikirudi majalada yamekatika na kurasa zimeshikana kwa mafuta ya taa, asimtoze mwanafunzi faini. Aagize nyingine mbili.