Hita Ikinuka, Mchunguzeni na Waya

Katika nyumba niliyopanga mlimani, hita ya bafuni ilianza kutoa harufu ya plastiki inayoungua. Mwenye nyumba alileta fundi, hita ikabadilishwa. Harufu iliporudi baada ya majuma mawili, niliambiwa kuwa ni ya upya. Sisi wa tiba tunalijua kosa hilo: kushusha homa bila kupima malaria.

Hita nyingi za shawa hula wati 5,500 hivi. Kwa umeme wa volti 230, hizo ni takriban ampea 24. Waya wa milimita 1.5 za mraba, ambao kazi yake ni taa, haubebi mzigo huo. Hupata joto, ganda lake likalainika, na harufu ikautangulia moshi. Hata waya mnene huungua pale skrubu ilipolegea, maana joto hukusanyika katika kiungo hicho. Fundi wa pili hakuigusa hita. Alifungua swichi iliyo nje ya bafu, tukakuta kiungo cheusi kama mkaa.

Basi harufu ikitoka, usimalizie kuoga. Toka, kausha mikono, zima swichi kuu, na hita isiwashwe hadi njia yote ikaguliwe kuanzia kwenye mita. Kikata umeme kikiruka, kimetimiza wajibu wake; kuweka kikubwa zaidi ili kisiruke ni kumziba mdomo mgonjwa anayelalamika maumivu.

Lipo jambo linalotuhusu zaidi sisi wa Mwanza. Jiji letu limekaa juu ya miamba. Nondo ya ethi, inayopaswa kuzama ardhini, hugonga jiwe, na fundi mwenye haraka huikata akafukia kipande. Jiwe kavu halipitishi umeme vizuri. Waya ulioungua ukivujisha umeme kwenye maji, mwili wa anayeoga ndio unaogeuzwa njia. Dawa ipo: nondo kadhaa zilizounganishwa, zikazamishwa penye udongo wenye unyevu, kisha ethi ipimwe, pamoja na kifaa kinachokata umeme unapovuja kwa miliampea 30.

Kwa maoni yangu, nyumba yenye hita isipangishwe bila kipimo hicho. Mpangaji anayedaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo ana haki ya kuonyeshwa karatasi yake kabla hajatoa hata shilingi.