Konokono wa Uskoti na shamba la Ogembo

Wasee, tuseme ukweli. Muulize mhitimu wa sheria hapa Ogembo kuhusu yule konokono kwenye chupa kule Uskoti, kesi ya 1932. Atakumwagia yote, mpaka Lord Atkin. Sasa mletee mama mjane, hatimiliki ya shamba bado iko kwa jina la marehemu mumewe. Barua ya chifu? Fomu P&A 80? Hati ya kiapo? Kimya.

Miaka minne ya digrii, na korti iko hapa hapa mjini! Halafu akifeli mitihani ya Shule ya Sheria kule Karen mnasema ni mvivu. Mvivu gani, na hajawahi kuandikishwa ombi hata moja? Vyuo, leteni wanafunzi kortini mapema, wakae na hao wajane, waandike chini ya wakili, wakosolewe. Karo si mlishachukua?