Mukojo wa Vizite Hauangalie Prostati

Kwa vizite ya kazi, muchimbaji anapewa kakopo kadogo, anaambiwa: «Weka mukojo humu.» Kiisha anarudi kwenye shimo na moyo mutulivu. Tunasikia wababa wengi, Kolwezi na Likasi, wakisema: «Mimi walinipima mukojo, prostati yangu iko muzuri.» Ndugu zetu, tuseme wazi: hapana. Kale kakaratasi wanachovya mu mukojo kanaonyesha sukari, damu, protini ao alama ya vidudu. Ni kazi nzuri, lakini prostati haikuangaliwa.

Prostati ni kiungo kidogo cha mwanaume, chini ya kibofu, kinazunguka njia ya mukojo. Kinatengeneza protini inayoitwa PSA, yenye kufanya mbegu za mwanaume ziwe maji-maji. Sehemu kubwa inaenda mu mbegu, kidogo sana inaponyoka mu damu. Prostati ikigonjwa, mara nyingi inaponyoka zaidi. Ni kwa sababu hiyo waganga wanaitafuta mu damu.

Mutu atauliza: kama iko karibu na njia ya mukojo, kwa nini wasiipime mule mule, bila sindano? Swali ni zuri, na wenye elimu walijaribu. PSA iko kweli mu mukojo. Lakini iko kwa muzima na kwa mugonjwa, sababu inashuka kutoka prostati na kutoka vitezi vidogo vya ile njia. Hata wamama wako nayo kidogo. Walijaribu pia kulinganisha ya mukojo na ya damu. Wagonjwa wa kansere mara nyingi walikuwa na kidogo mu mukojo, ukilinganisha na damu yao, kuliko wazee ambao prostati imevimba tu. Lakini hesabu zilichanganyika, haziwezi kumwambia mutu mumoja: wewe uko mugonjwa, wewe hapana. Anayekuuzia kipimo cha PSA ya mukojo na kukuambia uko muzima, anakula furanga zako.

Damu nayo haisemi yote. Ikipita nanogramu 4 mu mililita moja, munganga anaanza kujiuliza. Lakini hata vidudu, uvimbe wa uzee, ao kulala na bibi siku moja mbele ya kipimo vinaweza kuipandisha. Ndiyo maana anaongeza kidole, na kama inaomba, anatoa kakipande ka nyama kuangalia. Kidole kile kinafukuza wababa wengi. Lakini haya haijaponyesha mutu.

Kansere hii mwanzo haiumi. Kiisha inaweza kufika mu mifupa, na muchimbaji anasema: «Ni mugongo wa kazi.» Anakunywa dawa ya maumivu, anarudi chini. Baba wa miaka 50 azungumuze na munganga, na ikiwa baba yake ao ndugu yake aliugua, asingoje hata 50. Marekani na Uingereza waliona kama wanaume weusi wanapatwa zaidi. Sisi tusijidanganye.

Kwa wakubwa wa kampani tunaomba kitu kimoja: mwisho wa vizite, mufanyakazi aelezwe nini ilipimwa na nini haikupimwa. Wazee waulizwe kama wanataka kipimo cha damu, na waelezwe faida na hatari yake, sababu si kila kansere ya prostati inaua, na matibabu yanaweza kuleta shida ya mukojo na ya kitanda. Na yule anayechimba kwa mikono, bila kampani, nani atamulipia? Serikali isimusahau: naye analisha inchi.

Ninyi wamama, munajua mbele ya munganga ni nani anaamuka mara ine usiku, ni nani mukojo wake unadondoka tone kwa tone. Musinyamaze. Mumupeleke baba lopitali, na mukifika, muulize wazi: «Mutapima damu?»