Mwanagenzi alipwe
Chama cha mafundi vyuma cha Marekani, kilichoanzishwa Pittsburgh mwaka 1896, hufunza wanagenzi kwa miaka 3 hadi 4 huku wakilipwa: sehemu ya ujira wa fundi kamili, inayopanda kadiri ujuzi unavyopanda. Wapo wanaosema mgeni wa kazi ni mzigo, alipwe kwa lipi? Lakini kazi yake ni ya kweli tangu mwanzo. Ameinama juu ya nondo toka asubuhi, plaizi mkononi, anakaza waya kila nondo zinapokutana, na zege likishamwagwa kosa lake halionekani tena. Mafunzo yasiyo na malipo humbakiza mwenye wa kumlisha tu. Mtoto wa maskini huacha kabla hajaiva. Makandarasi, mlipeni anayejifunza.